Picha ya Mama Nestori na nyumba yake

Leo nimeifuta nyumba ya mtu kwa lenzi.

Jirani yetu hapa Kabanga, Mama Nestori, aliniomba nimpige picha mbele ya nyumba yake mpya, amtumie dada yake. Dada alirudi Burundi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa. Mama Nestori alikuwa ameshaolewa huku, akabaki.

Nilikuwa na kamera ya mjomba. Nimesoma sana jinsi ya kufungua lenzi mpaka mwisho ili nyuma ya mtu pawe ukungu.

Nikafungua. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

(Wapiga picha wenzangu, semeni kweli: nani kati yenu asingefanya hivyo?)

Mama akaitazama sana.

"Umenipendezesha, mwanangu. Nyumba iko wapi?"

"Iko nyuma, mama. Nimeifanya ukungu ili wewe uonekane."

"Mimi sura yangu dada anaijua."

Mwanawe Nestori akacheka mpaka akakaa chini. "Mama kaezeka bati, huyu kaezeka moshi."

Nilitamani kujificha.

Nikabana tundu la lenzi, nikarudi nyuma mpaka katikati ya maharage. Safari hii Mama alikuwa mdogo kama kidole, lakini bati lote lilionekana, na madirisha yote. Nikamhamishia picha kwenye simu yake, akaituma.

Ujumbe wa sauti wa dada ukaingia tukiwa bado uani. Picha hakuisifu. Aliuliza tu, "Chumba changu ni kipi?"

Mama akanigeukia.

"Haya, kapige lile dirisha la kushoto. Lisogelee."