Amri Isiyo na Mwenyewe

Msimamizi wetu kwenye udobi tulimwita Bwana Oda, na sababu yake ni kwamba hakuwahi kutoa oda hata moja. Siku aliyoletwa alitukusanya kati ya mashine na meza za kupigia pasi, akatuambia oda ni mambo ya zamani. "Sisi ni familia," alisema. "Kwenye familia hakuna kuamrishana. Kuna ushauri, kuna maelekezo, kuna mapendekezo."

Wenzangu walipiga makofi. Mimi mikono yangu ilikuwa na sabuni, na hata ingekuwa mikavu nisingepiga. Amri nimezila tangu utotoni. Naijua ladha ya kila aina.

Shangazi aliyenilea alikuwa na maneno mafupi. Inuka. Chota. Fagia. Watoto wake walipoanza shule, mimi aliniambia neno moja tu: baki. Nikabaki. Herufi nimekuja kuzijua ukubwani, kwa kufundishwa na binti yangu mwenyewe, na kwa hilo Shangazi sijamsamehe wala sina mpango. Lakini jirani alipomuuliza kwa nini mtoto wa kaka yake hasomi, alimkazia macho akajibu, "Nimemkataza mimi. Una la kuongeza?" Alinionea waziwazi, na kila mtu alijua nimeonewa na nani.

Mume wangu alikuwa mpole. Yeye hakuamuru, alishangaa tu. "Hivi nyumba hii siku hizi haina chai?" "Kumbe shati langu bado chafu?" Nami mbio. Siku moja akaniambia kwa sauti ya huruma, "Mama watoto, umechoka. Ungeenda kwenu ukapumzika kidogo, ingekuwa vizuri." Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kupumzika. Niliporudi nilifunguliwa mlango na mwanamke aliyevaa ndala zangu. Ndugu walipomwita mume wangu kwenye kikao, alifungua mikono kama mtu aliyesingiziwa. "Jamani, nani alimsikia nikimfukuza? Alikwenda mwenyewe." Na kweli, hakuna aliyesikia.

Kwenye udobi nilianza kwa kukausha sakafu. Nikapandishwa kukunja mashuka, kisha pasi, mwishowe nikakabidhiwa mtambo mkubwa wa kufulia, ule unaomeza nguo za hoteli nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa mtambo ule nimemsomesha binti yangu. Kwa mtambo ule naitwa fundi. Sikupewa na mume wala na ndugu, na ndiyo maana nasema ni wangu.

Basi yakaja mablanketi ya sufu. Bwana Oda alisimama nyuma yangu akitazama saa.

"Fundi, gari la hoteli liko njiani. Moto ungepandishwa kidogo, tungewahi."

"Hii sufu, msimamizi. Haitaki moto."

"Mimi sisemi kitu. Wewe ndiye mzoefu. Sikulazimishi." Akaitazama tena saa. "Ila hoteli wakilalamika, sijui nitamteteaje mtu."

Nikapandisha moto. Mablanketi yalitoka magumu kama mkeka, madogo, ya kumtosha mtoto mchanga. Mwenzangu wa pasi, ambaye sote tunamwita Mama Pasi, aliliinua moja akasema, "Loo, hoteli sasa ilaze vichanga." Hakucheka mtu.

Mwenye udobi alituita, mimi na Bwana Oda. Bwana Oda alifungua mikono. Mikono ile ile! "Bosi, mimi nilitoa wazo tu. Moto aliupandisha mwenyewe." Bosi akanigeukia. "Alikuamuru?" Nikasema ukweli, kwamba neno hilo hakulitamka. Bosi akasema mpaka mwisho wa wiki nikiri kosa langu mbele ya wote, nirudi kukausha sakafu. Nikikataa, nitafute kazi kwingine.

Tulipotoka, Bwana Oda alinishika bega. "Mama yangu, kiri tu yaishe. Si lazima. Nakushauri kama mwanao."

Mama yake! Nililiangalia bega langu mpaka akaondoa mkono. Usiku wangu ulikuwa mrefu, lakini sikulia. Nilishanyang'anywa nyumba kwa maneno laini. Mtambo sitoi.

Asubuhi nilifika mapema, nikavaa buti, nikajaza mtambo mashuka, nikafunga mlango wake. Kisha nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia.

Bwana Oda akaja. "Habari za asubuhi, fundi. Naona mashuka yangeanza kupata maji."

"Yangeanza kweli," nikasema.

Akasubiri. Nami nikasubiri. "Maana gari linakuja mchana," akasema.

"Linakuja, ndiyo."

"Sasa ingependeza mtambo ukawashwa."

"Ingependeza sana, msimamizi."

Mama Pasi aliinamia shati akajifanya kulinyoosha kola, mabega yanamtetemeka. Wa kukunja nao wakaacha kukunja. Bwana Oda akajaribu kila mlango isipokuwa ule wa mbele: alitamani, alipendekeza, aliomba kama nina nafasi, alisema mwenye hekima angeona haja. Kila alichosema nilikikubali. Sikubishana naye hata mara moja, na ndoo sikuiacha.

"Shosti, utafukuzwa," Mama Pasi alininong'oneza.

"Nifukuzwe na mtu, basi. Nisifukuzwe na upepo."

Ukimya wa mtambo ndio uliomtoa bosi ofisini. Udobi usiponguruma, hata wapita njia wanageuka.

"Kwa nini hakuna kazi hapa?"

"Nimemwambia awashe, bosi, hataki!" Bwana Oda akasema.

Nikasimama. "Bosi, muulize ameniambiaje. Maneno yenyewe."

"Umemwambiaje?"

Bwana Oda akalowa jasho. "Nilisema… ingependeza mtambo ukawashwa."

Bosi akamuuliza, "Hiyo ni kazi au ni ndoto uliyoota?" Kisha sauti yake ikashuka. "Na siku ya mablanketi?"

Hapo ndipo nilipogeuka nikawatazama wenzangu. Walikuwepo siku ile, wote, na kikaoni hakuna aliyeitwa wala aliyejitolea. Sikuwaomba. Niliwatazama tu, mmoja mmoja, mpaka Mama Pasi akaiweka pasi yake pembeni.

"Hivi hivi, bosi," akasema. "Moto ungepandishwa, tungewahi. Fundi akamwambia sufu haitaki moto. Msimamizi akamwambia hamlazimishi, ila hoteli wakilalamika hajui atamteteaje mtu. Nilikuwa hapa na masikio yangu mawili."

Bosi akajikuna shingo. Pole hakusema, na mpaka leo sijaisikia. Alisema tu, "Haya, haya, yamepita. Tuendelee na kazi," akageuka aende zake.

"Hayajapita," nikasema. Aligeuka. "Sema wazi, bosi, wasikie wote. Mtambo ni wangu au si wangu?"

Akawatazama wenzangu, akamtazama Bwana Oda, akanitazama mimi.

"Ni wako. Washa."

Nikawasha.

Bwana Oda hanisalimii tangu siku ile, na salamu zake sizihitaji. Lakini akitaka jambo anakuja mbele yangu, anameza mate, anasema: fundi, washa; fundi, zima; fundi, punguza moto. Anasema kwa sauti, chumba kizima kinasikia. Na Mama Pasi, akiwa kwake kwenye mvuke, humwitikia kwa niaba yangu: "Ndiyo, afande!"