Haidrosili ya Mjomba

Mtanda nzima, hapa Lindi, wananiita Haidro, na nimeshaacha kubisha. Wageni wanadhani ni jina la kisanii, wapo hata walioniuliza nimetoa wimbo gani, nami nacheka kidogo na kubadili mazungumzo, kwa sababu asili ya jina hilo ni aibu, na aibu yenyewe niliipika kwa mikono yangu, nikaipakua, nikawakaribisha watu. Nasimulia leo kwa kuwa toleo la Bi Somoe limeshafika hadi Mitwero, na katika toleo lake mimi nalia. Sikulia. (Macho yalilowa, hilo ni jambo jingine.)

Mnanijua nilivyo. Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya baiolojia, bila kazi, nikiwa na tabia ya kuhoji kila kitu, kuanzia kwa nini mgeni rasmi lazima achelewe mpaka kwa nini daktari anaandika kama kuku anayeparua. Lakini kilichoninogea kuliko vyote ni maneno ya hospitali. Chuoni tuliambiwa kwamba Kiingereza cha madaktari kimeazimwa karibu chote, Kigiriki huku, Kilatini kule, na mimi nikajiona nimefumania utapeli mkubwa kabisa wa dunia. Unakwenda kwa daktari, unamwambia, "Dokta, kiungo kimevimba na kinawaka moto," anakutazama kwa makini, anaandika "athraitisi". Basi athron kwa Kigiriki ni kiungo, na ule mkia wa mwisho siku hizi husimama badala ya uvimbe wenye moto. Kakurudishia maneno yako yaleyale kwa lugha ya watu, nawe unatoka unashukuru, unawaambia majirani ugonjwa umejulikana! Niliyasema haya barazani, dukani, kwenye foleni ya maji, mpaka mama akaniambia, "Mwanangu, hebu tafuta kazi."

Sasa, Mjomba Salumu, kaka yake mama (na kwetu mjomba si mtu wa pembeni, ndiye anayekuozesha na ndiye anayekukanya), alikuwa na busha. Hakumwambia mtu na hakuna aliyemuuliza. Aliacha kupanda baiskeli, akaacha kwenda kwenye mikorosho yake, akaanza kuvaa kanzu tangu asubuhi mpaka anapolala, na wenzake msikitini wakamsifu kwamba umri umemzidishia ucha Mungu. Kuna wakati gari la matangazo lilipita Mtanda likiwa na spika mbili juu, linapiga kelele, "Wenye mabusha wote jitokezeni, upasuaji ni bure, msione haya!" Hebu niambieni, ni mwanamume gani mwenye akili atatoka ndani kwake mchana kweupe kulifuata gari hilo? Mjomba aliongeza sauti ya redio, akaendelea kunywa chai. Alikuwa ameshajiandikisha hospitali mara mbili na mara mbili akakimbia. Mara ya kwanza alimwona mlangoni mtu anayeswali naye safu moja. Mara ya pili hakumwona mtu, akakimbia vilevile.

Halafu tukasikia kuna kambi ya upasuaji Kilwa, mbali na macho ya Mtanda. Mjomba akaniita chumbani kwake, akafunga mlango na dirisha, tukabaki tunatoka jasho.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyohivyo), "wewe umesoma. Huu ugonjwa hauna jina la heshima?"

"Unalo. Haidrosili."

Akalitafuna taratibu. "Hai-dro-si-li. Aisee, linafaa. Hili hata mbele ya Bi Zuhura naweza kulitamka."

Bi Zuhura ni mjane wa Mitwero ambaye Mjomba alikuwa amempelekea barua ya posa, na jibu lilikuwa bado halijarudi.

"Lakini sikia," akaendelea, na hapo hakuwa anatania tena. "Usiku silali kwa maumivu, na dokta kaniambia nikizidi kukawia litaniharibia mengine. Nataka kwenda. Ila mtu mmoja tu Mtanda akijua ni nini, siendi. Safari hii ndiyo ya mwisho, nitazikwa nalo."

Nikamwapia kwamba hapa mtaani hakuna anayejua Kigiriki isipokuwa mimi. Nililisema hilo kama vile ni kinga.

Kwetu mtu haendi kwenye kisu bila kusomewa dua, kwa hiyo siku moja kabla ya safari, baada ya swala ya alasiri, watu wakajaa nyumbani kwa Mjomba. Wanaume tulikaa mkekani barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia la mlango, na Bi Zuhura alikuwa miongoni mwao, tulimwona akiingia. Mjomba akakohoa, akatangaza, "Ndugu zangu, kesho nakwenda Kilwa kutibiwa haidrosili." Watu wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema aliwahi kuisikia, na kwamba inakuwa mbaya zaidi ikipanda kichwani. Dua ikasomwa, amina zikaitikiwa, chai na maandazi vikaletwa, na mambo yangeishia hapo, yangeishia hapo kabisa, kama Maalim Athumani anayefundisha madrasa hakunigeukia na kuniuliza kwa upole, "Kijana wetu, hivi haya maneno ya hospitali asili yake wapi?"

Jamani! Miezi minane nilikuwa nakimbiwa barazani, leo naulizwa na Maalim mwenyewe, tena mbele za watu. Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia malaria ni "hewa mbaya" kwa Kiitaliano, kwamba walidhani inaletwa na harufu ya vinamasi, na hata mbu alipokamatwa hawakujisumbua kubadilisha jina. Watu wakacheka. Nikawaambia kansa ni Kilatini, maana yake kaa, yule kaa wa mikokoni, na Maalim akapiga goti lake, "Na saratani kwa Kiarabu ni kaa vilevile!" Nikawaambia Kiingereza cha msuli kinatokana na "kipanya" kwa Kilatini, maana mtu akikunja mkono ni kama panya amekimbia chini ya ngozi, na wazee watatu wenye mvi wakakunja mikono palepale kuwatafuta panya wao. Nilikuwa nimekolea. Mjomba mwenyewe alikuwa anatabasamu, anawatazama watu kama anayesema, mnaona mpwa wangu?

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Bi Somoe. Huyu ni mtani wa ukoo wetu, mwenye ruhusa ya kusema lolote popote, hata msibani, na hakuna wa kumkasirikia.

"Msomi! Na hiyo ya mzee wetu je, imetoka wapi?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema "sijui". Neno fupi, halitaki shahada. Lakini mtu anayehoji kila kitu, kumbe kitu kimoja tu hawezi kukihoji, mdomo wake.

"Hiyo mbona rahisi!" nikasema. "Haidro ni maji, kama haidrojeni ya darasani, maana yake mzaa maji. Na hiyo ya mwisho ni kele, Kigiriki, ni uvimbe. Kwa hiyo ni uvimbe wa maji tu, ambao unakaa..." na mikono yangu, ambayo haikuwahi kusoma popote, ikachora hewani kitu cha mviringo, ikakishusha taratibu, taratibu, mpaka usawa wa mapaja.

Nilisikia mtu akimeza andazi.

"Busha!" akasema Bi Somoe.

Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, wanaume wakainamia vikombe vyao mabega yakitetemeka, na mimi nikamtazama Mjomba. Damu ilikuwa imemwisha usoni. Nikajua basi, kesho hakuna safari, na nimemzika mimi. Akaikunjua kanzu yake magotini, halafu akageuka polepole na kuniwekea mkono begani, mkono mzito wa mjomba.

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ya huzuni. "Mwenyewe kasema. Ndugu zangu, nisameheni kwa kuwadanganya. Kijana hajaoa bado, nikaona nimsitiri, nikasema mgonjwa ni mimi. Kesho namsindikiza tu."

Macho yote yakahama. Yaliniangalia usoni kwanza, kisha yakashuka.

Nikafungua mdomo. Mkono begani ukabana, na katika jicho la Mjomba nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mzima, ananiomba. Nikikana, haendi. Nikikubali, anakwenda.

"Ni kweli," nikasema. "Ni langu."

Mtadhani basi, yakaisha. Maalim akaagiza dua irudiwe, kwa kuwa ile ya kwanza ilikwenda kwa jina lisilo lake, na nikasomewa mimi, jina langu na la mama yangu, watu wakiitikia amina kwa bidii zaidi kuliko mwanzo. Mama alilia kwa uchungu ndani, mpaka dada yangu, anayemfulia Mjomba kanzu zake, alipomnong'oneza ukweli, akanyamaza kisha akaanza kucheka. Bi Somoe akatoka na pazia likimfuata, akanizunguka kama anayenunua mbuzi, akasema, "Ndiyo maana kijana hatafuti kazi, kumbe ana mzigo tayari!" Kesho yake asubuhi nilisindikizwa stendi na nusu ya mtaa. Mzee mmoja akaninunulia siti mbili.

Kilwa, mbele ya chumba cha upasuaji, kulikuwa na benchi refu, na benchi zima lilikuwa kanzu tupu. Wacha Mungu watupu. Mjomba alipoliona benchi lile alisimama, akacheka peke yake, akaenda kukaa katikati yao bila kunigeukia. Alipasuliwa salama.

Kazi ilikuwa kurudi. Tuliposhuka Lindi Mjomba bado alikuwa anatembea kwa kutanua miguu, na watu walikuwa wametoka kutupokea, hivyo akaniegemea kwa uzito wake wote huku akiniambia kwa sauti kubwa, "Polepole, mjomba, polepole, usijitoneshe!" Ikabidi na mimi nitanue miguu. Tulipita mtaani hivyo, watu wawili kama bata, na aliyesifiwa ni yeye, kwamba kamuuguza mpwa wake mpaka kaambukizwa mwendo wenyewe. Binti wa duka la dawa, ambaye nilikuwa nimejipanga kumsemesha mwezi huohuo, aliniuliza mbele ya wateja kama nyuzi zimekauka.

Bi Zuhura aliniletea supu ya pweza siku saba mfululizo. Siku ya saba aliniinamia akaniambia taratibu, "Mwanangu, mjomba wako akishamaliza kunywa, mwambie anirudishie bakuli langu." Akaondoka zake. Wiki iliyofuata jibu la posa lilikuja, amekubali. Mjomba alioa amevaa suruali, na mimi nilikaa mwisho wa mkeka, kwenye mto, kwa heshima ya ugonjwa wangu.

Toka hapo nimejiwekea nadhiri, neno likitoka Ugiriki au Roma, mimi sijui limetokaje wala limefikaje. Nilijaribiwa juzi tu. Maalim Athumani alikuja nyumbani, akakaa upandeupande kwenye kiti, akauliza habari za kila mtu ukooni, mpaka mama alipoingia jikoni ndipo akanisogelea. Nikaitazama kanzu yake. Nikakumbuka kwamba hata baiskeli yake sijaiona siku nyingi.

"Kijana," akaninong'oneza, "lile neno lako umeshaliharibu, hata watoto wa madrasa wanalijua. Huna jingine?"

Ninalo. Nililiandika kwenye kikaratasi, akalisoma, akalijaribu mdomoni mara mbili, uso ukamchangamka.

"Zuri. Lina maana gani?"

"Halina maana yoyote, Maalim," nikamwambia. "Basi la Kilwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Vaa kanzu, utawakuta wenzako."