Foleni ya Madebe pale Rodi Kopany

Majuzi binti ya kaka yangu alinipigia simu akilalamika kwamba blogu yake imekauka, hana la kuandika, na amezunguka mtandaoni akitafuta mawazo rahisi hadi macho yakamuuma. Nilicheka mpaka akakasirika. Si kwamba nilimdharau. Nilikuwa nimekumbuka ubao wangu, na kila nikiukumbuka mwili hunisisimka vilevile kama zamani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne na matokeo bado. Kwetu ni Suna, karibu na mji wa Migori, lakini baba alinipeleka Rodi Kopany, soko dogo karibu na Homa Bay, kwa dada yake, nimsaidie kwenye mashine yake ya kusaga unga hadi Krismasi ipite. Baada ya hapo ningerudi Migori kujifunza ushonaji. Baba alikuwa ameshaamua. Mimi nilitaka kuandika. Kuandika nini, wapi, sikujua, ila nilijua kabisa kwamba mimi na cherehani hatungeelewana.

Mlangoni pa mashine palikuwa na ubao, kipande cha plaiwudi kilichopakwa weusi wa betri kuukuu. Shangazi aliandika hapo bei na, mara nyingi kuliko alivyopenda, maneno "Leo hakuna mafuta". Nilimwomba nafasi iliyobaki chini ya bei, niwe naandika habari kila asubuhi. Alitazama barabarani kwanza. Ng'ambo ya barabara mtu mwingine alikuwa amefungua mashine mpya yenye injini isiyokohoa, na wateja wetu walikuwa wameanza kuvuka.

"Nyar Suna," akasema, maana aliniita hivyo, binti wa Suna, "wewe niletee watu kwa hii mlango. Ukileta watu, baba yako akikuja kukuchukua nitakuongelea. Usipoleta, utaenda kushona na mimi nitanyamaza."

Nikaanza kwa kishindo, na kwa ujinga mwingi. Nilidhani habari ni kitu kinachotoka mbali. Nilisikiliza redio, nikanakili waziri kasema nini na mvua imenyesha wapi, na watu wakanipita wakisema hayo wameshayasikia. Redio ilipoishiwa betri nikaanza kutunga. Na nilitunga! Kiswahili tulikuwa tumefundishwa kwa vitabu vya pwani, nami niliamini kwa moyo wote kwamba Kiswahili kizuri hakikai mbali na minazi. Nikaandika upepo wa bahari na harufu ya asumini, mimi ambaye maji makubwa niliyoyajua ni ziwa la Homa Bay. Mama mmoja alisoma hadi mwisho, akaniuliza kwa adabu, "Hii asumini ni dawa ya nini?" Sikujua. Hata rangi ya ua lenyewe sikuijua.

Ubao ulibaki mweupe kwa vumbi la unga siku kadhaa. Nilikaa juu ya gunia nimenuna, nikitazama foleni. Nayo foleni yetu haikuwa ya watu. Mama akija na mahindi alitua debe lake nyuma ya debe la mwingine, kisha akaenda zake sokoni kununua nyanya na kusalimia watu. Debe lilisimama badala yake. Hakuna aliyethubutu kuliruka, na kila mtu alijua lipi ni la nani. Kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa natazamana na madebe, ndoo, masufuria na makarai, yote yamenyamaza.

Siku hiyo mbele yangu palikuwa na debe moja lililotoboka ubavuni. Mwenyewe alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kama tufanyavyo wengi. Ghafla nikajiuliza: huo unga unaliwaje? Alipokuja kulichukua nikamuuliza. Mama yule akashika kiuno, akanieleza jinsi wakwe zake walivyomtembelea na ugali ukawatoa povu mdomoni, nao kwa heshima wakaendelea kutafuna. Nilicheka hadi machozi yakachora mistari kwenye unga uliokuwa usoni. Kisha nikashika chaki. Sikuwaza mnazi wala nini. Mkono wenyewe ulikuwa unakimbia.

Kesho yake nilifika nikakuta watu mlangoni kabla ya injini kuwashwa. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakamtafsiria bibi mmoja kwa Dholuo, na kicheko kikawa kinazunguka kikirudia palepale. Halafu nikamwona mwenye debe anakuja. Alisoma polepole, kidole hewani, neno kwa neno, akanigeukia.

"Umesahau kuandika kitu moja," akasema. "Hiyo ugali waliimaliza yote!"

Wololo! Nilitamani kuruka. Nilikuwa nimehangaika na redio na bahari, kumbe kila asubuhi habari zilikuwa zinapangwa mstari mbele ya miguu yangu, zinanisubiri nimalize kununa. Swali lilikuwa jepesi kupita kiasi: hiki ulikipata wapi? Hakuna mama asiyejua alikopata debe lake. Mmoja alirithi ndoo kwa mama mkwe ambaye hawakusemezana hata siku moja. Mwingine alibadilishana sufuria na jogoo, kisha jogoo akarudi nyumbani mwenyewe. Watu wakaanza kuacha vyombo vyao kwetu hata kama hawakuwa na haraka ya unga, wakivigeuza upande wenye kovu ili nivione. Wengine walikuja bila mahindi, kusoma tu, na shangazi akawakaripia huku akitabasamu.

Nikapata kiburi. Siku moja niliona kwenye foleni gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, ambalo tako lake lilikuwa limegongwa likaingia ndani. Nikaandika bila kumtaja mtu: leo tuna mgeni, gorogoro mwenye tumbo la njaa, anayewanyima wanunuzi konzi nzima kila akipima. Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa linapindua magorogoro kutazama matako yake. Mfanyabiashara mmoja, mwanamke wa sauti na kimo, akaja amefura, akaamuru maneno yale yafutwe mara moja.

Mimi nilijificha nyuma ya injini. Shangazi akatoka mweupe kwa unga toka kichwani hadi miguuni, akamnyooshea kitambaa.

"Futa wewe," akamwambia, "kama hii gorogoro ni yako."

Mama yule alinyanyua mkono. Akawatazama watu, watu wakamtazama. Mkono ukashuka, akasema ana haraka, akaondoka, na lile gorogoro likabaki kwenye foleni hadi jioni bila mwenyewe. Wiki hiyo mashine ya ng'ambo ilikuwa inanguruma peke yake.

Lakini furaha yote hiyo ilikuwa na mwisho uliopangwa, na niliuona ukija barabarani mara tu baada ya Krismasi: baba, na mkononi sanduku la bati la kubebea nguo zangu. Lilimgonga mguuni kila hatua. Lilikuwa tupu, nililisikia.

Baba si mtu wa maneno. Alisimama nyuma ya watu waliokuwa wakisoma, hakusalimia, akaanza kusoma naye. Siku hiyo nilikuwa nimeandika ndoo ya mama mmoja aliyeolewa hapo Rodi Kopany kutoka kisiwa cha Mfangano, ndoo aliyoitumia kuchota maji yaliyoingia katika mashua siku ya harusi yake, akiwa amevaa gauni lake. Nilikuwa ndani nimeshika mdomo wa gunia. Shangazi alikumbuka ahadi yake, akatoka haraka.

"Omera, ndugu yangu, sikia, huyu msichana..."

Baba akanyoosha kiganja kumnyamazisha. "Ngoja. Sijamaliza."

Nilimwona midomo ikitembea. Alipofika mwisho mabega yake yalitikisika, na kwa baba yangu hicho ni kicheko kikubwa. Akanitafuta kwa macho ndani ya vumbi.

"Na kesho utaandika nini?"

Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Nitaandika hilo sanduku, baba. Vile lilitoka Suna tupu, na likarudi Suna tupu."

Shangazi alitazama chini. Baba aliligeuza sanduku mkononi kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Usiandike kitu na hujui ilitoka wapi," akasema.

Akalitua mwisho wa foleni, nyuma ya karai la mtu, akalikalia. Akaanza kunieleza habari za machimbo ya dhahabu ya Masara, shimo alilochimba akiwa kijana, na dhahabu yake ya kwanza iliyonunua sanduku lile, mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtoto wake yeyote. Kisha akakatiza katikati, akanikunjia uso.

"Sasa mbona umesimama? Chukua chaki."