Kaporali na Mama Kahindo

Mnaona alama hizi usoni mwangu, na batoto wengi huniuliza kama ni risasi. Hapana. Ni ndui. Nitawaeleza vile ilinishika na vile nilitoka, maana kuna jambo moja ndani yake ambalo mpaka sasa bado nalichunguza.

Nilizaliwa mkoa wa Équateur, kaskazini-magharibi mwa Kongo. Uhuru ulikuwa mchanga, uasi ukawaka, serikali ikanileta Beni, mashariki, nikiwa kaporali. Nilikuwa na nguvu. Hata kuumwa kichwa sikukujua. Karibu na Eringeti tulipigana kwenye daraja. Wenzangu walikimbia, mimi nikabaki nikipiga risasi. Kamanda akaniita shujaa mbele ya watu wote. Sikumwambia kwamba miguu ilikataa kukimbia.

Mwezi haukuisha, homa ikanishika. Mgongo uliniuma kama umevunjwa, nikatapika. Siku ya nne vipele vikatoka usoni, mikononi, hata ndani ya mdomo, vikajaa usaha. Infirmier, yaani muuguzi wa kambi, alinitazama akiwa mlangoni, akasema ni ndui, nitolewe. Wenzangu wakanilaza kwenye kibanda kando ya migomba, wakaniachia mtungi wa maji, wakaenda. Siku ya pili maji yalikwisha. Nikawa namwita kila niliyemsikia akipita njiani. Waliongeza mwendo.

Aliyeingia alikuwa mama Mnande, wa kabila la hapo Beni, muuza maharagi, mwenye makovu usoni kama haya yangu ya leo. Jina lake Mama Kahindo. Alininywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, maana koo lote lilikuwa kidonda. Ngozi yangu ilikuwa imeshikamana na mkeka. Akautupa, akanitandikia majani mabichi ya mgomba, akawa anayabadilisha kila asubuhi. Alinifunga mikono kwa kitambaa nisijikune. Macho yalivimba yakafumba, nikawa namjua kwa hatua zake tu.

Maganda yalipoanza kuanguka, nikamwuliza kama haogopi.

“Ile ugonjwa ilisha kunikamata zamani,” akasema. “Haikamatake mutu mara mbili.”

Nikawaza: basi huu si ushujaa, hakuhatarisha kitu. Lakini infirmier alipokuja kuniona, alinieleza mengine. Askari wa kambi yetu walikuwa wamechukua mbuzi wote wa mama yule, wakampiga mume wake mpaka mkono ukavunjika. Na tangu aanze kunihudumia, majirani walikataa kununua maharagi yake, wakisema anamlisha adui.

Nyama ya mbuzi wale nilikuwa nimeila.

Kesho yake nikamwambia mama hivyo. Aliendelea kukusanya majani makavu. Nikamwuliza, basi kwa nini ulikuja?

“Hasira nilikuwa nayo kila siku,” akasema. “Lakini uliomba maji. Ningepita namna gani?”

Nilipona. Nilipoacha jeshi nilirudi kwao, nikawalimia shamba msimu mzima, maana mkono wa mume wake haukunyooka tena. Mzee huyo hakuniambia neno la msamaha. Siku ya mavuno tu, alinionyesha mahali pa kukaa, tukala.

Nimewauliza mapadri, walimu na askari wenzangu shujaa ni nani. Kila mmoja ana jibu lake, na mimi bado nauliza. Mama Kahindo mwenyewe alisema neno hilo ni la watu wa bunduki.

Wasingya, Mama, kama msemavyo Wanande: asante kwa uhai huu. Na ninyi mnaonisikiliza: mgonjwa akiomba maji, mpeni kwanza. Habari za mbuzi mtazizungumza akisha kupona.