Sana, Sana, Kiasi, Sijui

Tulieni. Wenye viti kaeni, wasio navyo chuchumaeni. Inatangazwa kwa wazazi, walezi, walimu, wakaguzi na wote wanaokula kwa jasho la chaki kwamba, baada ya vizazi vingi vya giza, amepatikana mtu atakayelijibu swali lililoyashinda makongamano yote na chai zake: kwa nini mtoto huingia chekechea akiwa na maswali elfu, akafika darasa la sita mdomo umefungwa kama mtungi wenye kawa? Mtu huyo ana mkoba wa kitambaa, miwani iliyofungwa uzi upande wa sikio la kushoto, na viatu vinavyombana. Vumilieni, atajibu.

Wanachuo wenzake, ambao wengi angeweza kuwazaa na wachache aliwahi kuwafuta kamasi, walimwita Bi Kwanini. Alikuwa amefundisha chekechea hadi magoti yakazoea vile viti vya urefu wa ndoo. Huko kutwa aliulizwa: kwa nini maji hayana rangi, kwa nini jana haipo tena, kwa nini mwalimu ana ndevu moja? Aliyajibu yote, hata la ndevu. Baada ya miaka angekutana na watoto walewale barabarani, wamerefuka, wamevaa sare za shule kubwa. Akiwauliza habari wanajibu "nzuri" na kutazama chini. Swali hata moja hakuna. Jambo hilo lilimkaa kama punje kwenye jino. Maswali yale yote yalikwenda wapi?

Akaenda chuoni kuyatafuta. Mwenye shule ya chekechea alimpa ruhusa kwa sharti moja: arudi na shahada muhula huu, la sivyo darasa lake atapewa mwingine na yeye atahamishiwa ofisini kugonga mihuri. Mitihani yote alishafaulu. Kilichobaki ni utafiti. Bila utafiti hakuna shahada, na bila shahada hakuna watoto.

Msimamizi wake alikuwa daktari wa elimu, wa vitabu si wa sindano, mzee nadhifu ambaye akisoma kazi ya mtu hugonga meza kwa kalamu, polepole, kama anayehesabu kitu ambacho wengine hawakioni.

"Mama," alisema, "'Maswali yalikwenda wapi' si mada. Hicho ni kilio cha msibani."

Akamwandikia mada yenye adabu: *Mambo Yanayohusiana na Kupungua kwa Uulizaji wa Maswali Miongoni mwa Wanafunzi wa Darasa la Sita katika Shule Teule.*

"Imeteuliwa na nani, Daktari?"

"Na ukaribu. Iko nyuma ya ukuta wa chuo."

"Na dodoso nitunge mwenyewe?"

"Utunge? Kwani mvua ya maswali imekunyeshea wewe peke yako? Lipo la idara, limejaribiwa." Kalamu ikagonga meza. "Mimi mwenyewe, enzi zangu za shahada ya kwanza, nilianza nalo palepale. Asubuhi moja tu nikamaliza. Wepesi wale watoto."

Dodoso la idara lilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Herufi zake zilishakuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Lilikuwa na vipengele kumi na kimoja, na kila kimoja kilitaka alama ya vema chini ya neno moja kati ya manne: sana, kiasi, sijui, hapana. Bi Kwanini alilisoma akaona limekaa sawa. *Ninaogopa kuuliza maswali. Mwalimu hufurahi nikiuliza.* Mambo kama hayo.

Alifika shuleni wakati wa mapumziko ya asubuhi. Uwanja ulikuwa na vumbi jeupe na jua lilikuwa limeshakaza. Wasichana walikuwa wakiruka kamba. Kwanza aliona ni kawaida, kisha akagundua kinachomkosesha raha: hakuna anayecheka. Wawili walizungusha, mmoja akaruka, waliobaki wakaimba kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa:

*Sana, sana, kiasi, sijui,*
*sana, kiasi, sana, sijui,*
*hapana moja, hapana mbili,*
*sana…*

Hapo kamba ikaachiwa. Ikaanguka chini pap! na wote wakasimama kimya, mikono ubavuni. Kisha wakaanza upya.

Mwalimu mkuu alikuwa na sura ya mtu aliyepokea wageni wengi na kusahau wote. Barua ya chuo hakuifungua. "Wewe ni wa kuuliza au wa kukaa nyuma kutazama?"

"Wa kuuliza."

"Basi utawahi kuondoka. Wa kukaa nyuma huwa wanasumbua."

Darasa la sita walisimama, wakaamkia, wakakaa. Kabla hajatamka neno kalamu zilikuwa juu ya madawati, zimelazwa upande mmoja kama samaki kwenye sinia. Mwisho wa chumba, chini ya dirisha, palikuwa na kiti kitupu cha mtu mzima, na ubao wake ulikuwa umelainika kwa kukaliwa.

"Kiti cha nani hiki?"

"Cha mgeni," walijibu wote pamoja.

Aligawa karatasi. Alitaka kueleza maana ya utafiti, kwamba hakuna jibu la kosa, kwamba wasiandike majina, lakini walikuwa wameshaanza. Waliandika huku macho yote yakimtazama yeye. Hakuna jicho lililoshuka kwenye karatasi. Kalamu zilikwenda, zikatua, zikaenda tena, halafu zikawekwa chini zote kwa mpigo mmoja. Kimya kilichofuata kilikuwa kama cha nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza. Asante kwa kututembelea. Karibu tena."

Hata nzi alikaa ukutani akatulia, maskini, naye ameshazoea.

Nyumbani alitandaza madodoso sakafuni akaanza kujumlisha. Alama zilikuwa mahali pamoja, karatasi kwa karatasi, darasa zima. Alizipanga moja juu ya nyingine akaziinua dirishani. Mwanga ulipopita, alama za watoto wote zikawa kama alama za mtoto mmoja.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa akisoma naye mwaka uleule na kupanga naye chumba. Huyo utafiti wake ulishapita, tena kwa sifa.

"Mama mdogo, mbona umekaa kama umemwona marehemu?"

"Wewe si ulikwenda shule hiyohiyo?"

"Nilikwenda."

"Ulipata nini?"

Mpwa alitazama karatasi kidogo tu, akajifunika shuka. "Hivyohivyo. Kila anayekwenda anapata hivyohivyo. Nikazichafua kidogo. Hapa unatoa *sana*, pale unaweka *hapana*, mpaka zikafanana na za watu. Data safi haipiti, mama mdogo. Wakiona usafi wanajua umepika."

"Kwa hiyo aliyepika anapita na aliyeleta alichokikuta anafeli?"

"Ndiyo unaanza kuielewa elimu leo? Lala."

Hakulala vizuri, na hakuchafua kitu. Alipeleka zilivyo.

Daktari alifungua sura ya nne, ya matokeo, akasoma jedwali la kwanza, la pili, la tatu. Kalamu ikaacha kugonga. "Umepika," alisema. "Tena mpishi hodari hubadilisha hata chumvi. Darasa zima liwe na kichwa kimoja?"

"Nilikuwepo, Daktari. Waliandika mbele yangu."

"Mama, usinizeeshe. Jopo linakaa wiki ijayo. Ama unaniletea data za binadamu, ama unarudia mwaka."

Kurudia mwaka maana yake mihuri. Bi Kwanini alitoka mle ofisini akisikia *kwa, kwa, kwa* ya muhuri katika kila hatua ya viatu vyake vilivyombana. Angeweza kwenda nyumbani akachafua. Mpwa wake angemsaidia huku akipaka rangi kucha. Lakini swali lilikuwa lake kabla halijawa la chuo, na hawezi mtu kudanganya kitu anachotaka kweli kukijua. Akaingia steshenari akachapisha dodoso jipya. Sura yake ilikuwa ileile, visanduku vilevile, sisimizi walewale. Maneno tu ndiyo aliyabadilisha.

Aliporudi, kamba ilikuwa ikizunguka palepale. Darasani kalamu zilikuwa zimeshalazwa. Aligawa, wakamtazama, kalamu zikaenda, zikawekwa chini kwa mpigo mmoja. Asante kwa kututembelea.

Safari hii hakuondoka. Alikwenda nyuma akakaa kwenye kile kiti cha mgeni, akasoma.

Kipengele cha kwanza: *Darasani humu hamna mtu.* Wote: sana.

Cha nne: *Ninalijua jina langu.* Wote: sijui.

Cha tisa: *Mimi ni mtoto.* Wote: hapana.

Aliinua uso. Walikuwa wamegeuka wote kwenye madawati yao wakimtazama, kwa adabu tu, kama watu wanaongoja gari liondoke waendelee na shughuli zao.

"Ule wimbo wa kamba," alisema, "nani aliwafundisha?"

"Tuliukuta."

"Mliukuta kwa nani?"

"Kwa waliotutangulia."

"Na wao?"

"Nao waliukuta."

"Anaufundisha mwalimu?"

Hapo walitikisa vichwa, wote upande mmoja. Msichana wa dawati la karibu, mwenye kifungo cha sare kilichoning'inia, akaeleza kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo: "Mgeni akija tunamwandikia wimbo, anafurahi, anakwenda. Usipouandika anarudi."

"Lakini maswali mnayasoma?"

Msichana akachukua karatasi yake. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Paji lake la uso likakunjana, na kwa mara ya kwanza mle ndani Bi Kwanini aliona uso wa mtoto.

"Kwani hapa kuna maswali?"

Hilo ndilo swali pekee alilolipata katika utafiti wake wote, na aliliandika sura ya nne kama lilivyo. Jedwali la mwisho lilikuwa na safu moja, na safu hiyo ilikuwa na mtu mmoja.

Siku ya kutetea, chumba cha jopo kilinuka rangi mpya. Wanajopo walikuwa watatu: mama mwenyekiti, mwanamume wa takwimu aliyekuwa akisinzia kwa kufuata kanuni, na Daktari mwenyewe, kalamu mkononi. Mpwa alikaa nyuma, amekuja kumzika mama yake mdogo kwa heshima.

Bi Kwanini alieleza yote. Alipofika kwenye *darasani humu hamna mtu* bwana wa takwimu alifungua macho. Mwenyekiti akasema, "Huo wimbo tuusikie."

Bi Kwanini hakuwa mwimbaji, ila chekechea humfundisha mtu kutoona haya. Akasimama katikati ya chumba, mikono ubavuni, akaimba kwa ile sauti ya chini aliyoisikia uwanjani. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kitu kilikuwa kikigonga meza, polepole, sawasawa na mdundo. *Hapana moja, hapana mbili.* Akafika mwisho wake, pale ambapo watoto huachia kamba.

"*Sana…*" akanyamaza, maana wimbo ulikuwa umeisha.

"*…weka kalamu chini,*" alimalizia Daktari.

Aliyasema kwa sauti changa isiyo yake, sauti ya kijana mwenye haraka aliyesimama mbele ya darasa asubuhi moja, akiwasomea watoto majibu kwa mdundo ili wamalize kabla hajachelewa. Na kalamu yake ikajilaza mezani, tap.

Mpwa akashika mdomo. Watoto wa asubuhi ile sasa ni watu wazima wenye vipara na wajukuu. Majibu ya yule kijana walikuwa wameyarithisha darasa kwa darasa, yeye akapanda cheo akawasahau, na kila mwaka akawapelekea wageni wa kuwaimbisha.

"Daktari," alisema mwenyekiti taratibu, "umesemaje?"

"Nimekohoa."

"Umekohoa kwa vina?"

Daktari aliitazama kalamu yake bila kuigusa, kama inaweza kuuma. Kola ilikuwa imelowa jasho. "Ninapendekeza apite," alisema. "Apite leo. Na lile dodoso… lisitolewe tena nakala."

Nje, ng'ambo ya ukuta wa chuo, kengele ya mapumziko ililia. Baada ya muda kidogo kila mtu mle chumbani aliisikia kamba ikipiga ardhi, hata wale ambao baadaye waliapa hawakuisikia.

Mwenyekiti alisaini. Akamsukumia karatasi Bi Kwanini, naye akaisoma mara mbili: amefaulu. Mihuri ilirudi ofisini ilikotoka, na Jumatatu viti vya urefu wa ndoo vingekuwa vyake. Lakini mwenyekiti alikuwa bado ameinama mbele, na sasa bwana wa takwimu pia, na hata Daktari alikuwa amenyanyua uso, macho mekundu, kama mtu anayengoja hukumu au dawa.

"Basi," alisema mwenyekiti kwa sauti ya kuandikwa vitabuni, "kwa faida ya jopo hili, ya chuo hiki na ya elimu kwa jumla, tuhitimishie. Kwa nini watoto hawaulizi?"

Wote wakatulia kumsikiliza.

"Sijui," alisema Bi Kwanini. "Naweza kuvua viatu sasa?"