Vipembetatu Vitatu Chini ya Duara Langu

Ile karatasi ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne ndani ya sanduku la nguo. Ni mgongo wa kalenda ya kanisa, maana miaka ile karatasi safi haikuonekana Babati, kama sabuni ilivyokuwa haionekani, na sukari, na mafuta ya taa. Tulifua kwa majani ya mpapai. Petroli nayo ilikuwa hadithi, kwa hiyo barabara ilinyamaza. Nikikaa mlangoni kwangu Maisaka mchana kweupe nilisikia viboko wakikohoa ziwani, na wingu limeukalia mlima Kwaraa kama kuku anayeatamia. Siku zilikwenda taratibu mpaka mtu hajui kama yuko macho au amesinzia.

Katika usingizi huo ndipo binti yangu wa tatu alipokuja likizo. Alikuwa daktari tayari, na bado akaenda ng'ambo kusoma tena, masomo ya juu kabisa, ya uzazi na ya vile mwili unavyorithishwa kutoka kwa wazazi. Mimi niliishia darasa la nne. Kwenye foleni ya duka la ushirika watu wakiniuliza anasoma nini, nilijibu, anasomea mimba.

"Mimba nayo inasomewa?" jirani yangu mmoja alisema. "Mbona sisi tulifaulu bila mwalimu?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, lakini kifua kimejaa. Mtoto wake yeye alikuwa amefeli darasa la saba.

Sasa nyumbani kwangu kulikuwa na jambo. Mwanangu wa kwanza alioa msichana wa Singe, na baada ya miaka sita tulikuwa bado tunamwita Bibi Harusi. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye hakuwa na mtoto, tungemwitaje? Mimba alizishika, nne, na zote nne ziliharibika. Binti yangu alipofika, ile ya nne ilikuwa imetoka wiki mbili tu, na Bibi Harusi alikuwa kwenye kibanda cha nyuma.

Desturi yetu watu tulioshuka kutoka Mbulu ilikuwa hivyo. Mwanamke akiharibu mimba anatengwa. Ana kibanda chake, bakuli lake, kikombe chake. Hachoti maji tunapochota, hapewi mkono, mpaka miezi yake iishe, asije akapeleka mkosi kwa ng'ombe na kwa wanawake wengine. Padri alikataza, serikali ikakataza, tukaitikia ndiyo, kisha tukaendelea. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilikiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo akatoka kukichukua.

Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, na shemeji zangu wawili ndio waliokuwa wakisema mambo ya ukoo. Walikuwa wamekata shauri: mahindi yakishavunwa, Bibi Harusi arudishwe kwao, mwanangu aoe mwingine. Mwanangu aliinamisha kichwa. Nami sikusema neno. Nilimpenda yule msichana, lakini moyoni nilisema, tumbo lake ndilo bovu.

Binti yangu alipolisikia shauri hilo alitafuta karatasi. Alisema kule anakosoma wanaanza na mchoro wa ukoo: mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, mistari inawashusha watoto. Akakaa mkekani, akaandika duara langu.

"Mama, umebeba mimba ngapi?"

"Saba. Na wote unawajua, wengine wanakudai zawadi."

"Sijauliza umezaa wangapi. Nimeuliza umebeba ngapi."

"Saba, nimesema. Tumbo langu halijadondosha kitu. Kaulize Babati nzima."

Na kweli Babati nzima ingemjibu hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Wanawake waliokuwa wanaolewa waliletwa kwangu niwashike mikono, wapate uzazi kama wangu.

Akachora saba. Akamchora kaka yake na Bibi Harusi, na chini yao akachora vipembetatu vinne vidogo. Nikamuuliza hivyo ni nini. Akasema hao ni waliotoka kabla ya wakati. Nao wanaandikwa, akasema, kila mmoja na mahali pake. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Kuna kitu kinaweza kupita kwenye damu ya upande wa mume," akasema, "lakini karatasi hii haikionyeshi. Kwa karatasi hii, mtu akiniuliza, nitasema tuanze kumchunguza mke."

Nilichukua jembe. Nilikwenda shambani.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale mepesi yasiyolowesha. Mwisho wa shamba kuna ua wa manyara, ile miti yenye utomvu mweupe. Sikuwa nimesimama pale tangu ujana wangu, nilikuwa napalilia nikifika karibu nageuka. Siku ile nilisimama. Sijui nilisimama muda gani. Niliona kama wamekaa watatu chini ya ua, migongo kwangu, wakicheza na udongo kama watoto wowote. Hawakugeuka. Nami sikuwaita, maana sikuwa nimewapa majina.

Kesho yake mchana binti yangu alinichemshia maji anioshe kichwa kwa sabuni aliyokuja nayo. Sabuni ya kunukia, Bwana, nilikuwa nimesahau harufu yake. Nikainamia beseni, macho nimefumba, povu linashuka masikioni, vidole vyake vinatembea kichwani mwangu kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye. Nikiwa vivyo hivyo, bila kumwona uso, nikasema:

"Kumi."

Vidole vikasimama.

"Mmoja kabla ya kaka yako. Wawili baada yake. Baba yako alikuwa minadani na ng'ombe. Nilisema nina malaria, nikajifungia siku tatu, kisha nikaenda kulima. Wako kwenye manyara. Nilikiogopa kile kibanda kuliko nilivyowalilia."

Alinimwagia maji mpaka povu likaisha. Akanifunga kanga kichwani. Kisha akaleta karatasi na, chini ya duara langu, kwenye mstari wa watoto wangu, akachora vipembetatu vitatu. Vilikuwa kama vibanda vya nyasi vinavyochorwa na mtoto. Nikaweka kidole kwenye kila kimoja.

Akaomba shanga zangu, nyuzi mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Akakata mikia ya nyuzi hizo, ule mwekundu akaufunga kwenye uzi mweupe, na mweupe kwenye mwekundu.

"Kuna shanga iliyopotea?"

"Hakuna."

"Huenda ndivyo ulivyo wewe, na kaka. Mzima kabisa. Lakini kila uzi una pacha wake asiyekatwa, na mtoto unampa mwekundu mmoja tu na mweupe mmoja. Wengine wanapata pungufu, wengine zaidi, na hao hawakai. Wengine wanapata sawa, kama mimi hapa. Damu ndiyo itasema, ila itachukua miezi."

"Baba zako wadogo hawatangoja miezi."

"Najua, Mama."

Alituchukua damu, mimi, mwanangu na Bibi Harusi, akaifungasha, akapanda lori la mahindi kwenda Arusha kuwahi ndege. Jumapili iliyofuata, shemeji zangu walipokuja baada ya misa, niliwawekea uji na nikawaambia yote, kumi, manyara, malaria ya uongo. Mkubwa aliweka kikombe chini.

"Shemeji, unajua unachosema?"

"Najua. Mnataka kurudisha mwenye tumbo bovu. Nirudisheni mimi kwetu. Wazazi wangu wamekufa, lakini mtanitua makaburini."

Mdogo alikohoa. Mkubwa alisema tungoje barua ya majibu ya damu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea mwanamke anayeolewa nimshike mikono, na jirani wa foleni alipata la kusema mwaka mzima. Barua ilikuja mahindi yakiwa yamekwisha kuota upya: uzi wenye mkia wa mwenzake ulikuwa wangu, na wa mwanangu. Wa mkwe wangu ulikuwa safi. Akapoteza mwingine mmoja, kisha akampata mjukuu wangu, mwenye sauti kama ya mnadi ng'ombe. Tangu hapo mama yake tunamwita kwa jina la mtoto.

Lakini nikisinzia, kinachonijia ni mchana wa Jumapili ile, shemeji zangu wakishuka njia. Nilichukua bakuli la ugali na mlenda. Nikafika kwenye jiwe, nikalipita. Bibi Harusi alikuwa amekaa chini ndani ya kibanda, moshi na mwanga vimechanganyika, sikuona vizuri uso wake.

"Mama, rudi. Watakuona."

"Wanione. Sogea."

Nikakaa. Nikanawa kwa maji ya kikombe chake. Tukala, tonge langu na lake katika bakuli moja, na nje viboko wakikohoa ziwani.

"Wangu walikuwa watatu," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. Kisha akanisogezea mlenda upande wangu.