Nilifuta jina la marehemu rafiki yangu kwenye marejeo, kisha nikamwonyesha mama yake jina la mtu mwingine

Admin, naomba ufiche jina langu, hata herufi ya kwanza usiweke, maana hapa Goma tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi mtaa wa Mapendo. Ni msaidizi wa profesa katika chuo kimoja hapa mjini, na ninaandaa thèse yangu ya udaktari. Kazini wananitania kwa kuniita Madame Virgule, yaani Bibi Koma, kwa sababu makala yoyote inayotaka kwenda kwenye jarida la kisayansi hupitia kwangu kwanza nipange marejeo: jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kazi, kurasa, koma hapa, nukta pale. Wenzangu wanaikimbia kazi hiyo. Mimi niliipenda, kwa sababu niliona ndipo mtu anapomshukuru mwenzake aliyemtangulia. Siku hizi nikifungua orodha ya marejeo natamani kulia.

Nilikuwa na rafiki, nimuite Neema. Tulisoma kilimo pamoja tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Kwa mémoire yake, ile kazi ya kumaliza masomo, alikaa misimu miwili katika mji mdogo wa Kiwanja akizunguka mashamba ya maharagwe, aking'oa mashina na kuhesabu yaliyooza mizizi. Alinyeshewa, akaugua malaria mara mbili, wenye mashamba wakamcheka na kumwita docteur wa maharagi. Neema alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Baadaye mambo yalipoharibika mjini, maktaba yetu iliporwa na mémoire yake ikapotea humo. Ninavyojua, nakala iliyobaki ni moja tu, nayo iko kabatini kwangu.

Mwaka huu Profesa na mimi tuliandika makala juu ya ugonjwa huohuo wa maharagwe. Hesabu za Neema tulizitumia mara tisa, na kila mahali niliweka namba yake kwenye marejeo, kumi na saba. Jarida likajibu kwamba makala ni nzuri, lakini marejeo yawe ya kazi zilizochapishwa tu, zinazopatikana mtandaoni. Mémoire ya Neema haikuwahi kuchapishwa. Nikamwambia Profesa kwamba tunaweza kumtaja ndani ya maandishi na kwenye shukrani. Akavua miwani, akanitazama.

"Madame, ukiandika vile watauliza hizi données, hizi hesabu, ni za nani, na nani alizihakikisha. Tutaanza upya. Neema alishakufaka, haitamusaidia kitu. Toa hiyo mémoire, andika observations zetu, tuende mbele."

"Lakini Prof, si zetu."

"Na thèse yako? Unataka kuimaliza mwaka gani?"

Bila makala hiyo siruhusiwi kutetea thèse, na nimeihangaikia miaka saba. Nilirudi kwenye kompyuta, nikafuta kumi na saba. Programu ikajipanga yenyewe papo hapo: kumi na nane ikawa kumi na saba, kumi na tisa ikawa kumi na nane, hivyo hivyo hadi mwisho. Hata pengo halikubaki. Kisha nikapita sehemu zote tisa nikiandika "uchunguzi wetu". Jamani, mimi Kiwanja sijang'oa hata shina moja.

Ubaya ni kwamba nilikuwa nimeshamwambia mama yake Neema kwamba jina la mwanawe litatoka kwenye jarida la nje. Mama huyo anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, shule hakwenda. Jumapili iliyopita alikuja kwangu baada ya misa, akaona karatasi za makala mezani. Jarida lilikuwa limezituma tuzihakiki kwa mara ya mwisho.

"Ni ile?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Jina ya mutoto wangu iko wapi? Mie sijuake kusoma. Unionyeshe na kidole."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake niliweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba, kwenye jina la mtu wa nchi za mbali aliyeandika juu ya udongo, mtu nisiyemjua. Mama akaweka kidole chake pale, akakipitisha taratibu kwenye herufi zote, akarudia.

"Neema wangu," akasema. "Kumbe hakuisha."

Akaniomba aibebe ile karatasi, nami nikampa. Nisingeweza kumnyima. Ameitia ndani ya Biblia yake, na Jumapili hii kuna misa ya kumkumbuka Neema. Kaka yake, anayefanya kazi ya forodha mpakani Bunagana, atakuja, na mama amempigia simu kwamba ndiye atakayesoma jina la dada yake mbele ya jamaa wote. Kaka huyo amesoma vizuri.

Leo ni Jumatano, na jarida limetupa hadi Ijumaa kurudisha masahihisho. Nikimwandikia mhariri kwamba hesabu zile ni za Neema, makala inaweza kusimamishwa, na Profesa ndiye anayeongoza thèse yangu. Mume wangu anasema, "Mama ya batoto, nyamaza. Miaka saba haikuwa muchezo." Nimejaribu kunyamaza, lakini kila usiku naifungua ile orodha tena.

Jana mama yake Neema alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu tumzike binti yake. Akaniambia, "Mutoto wangu, ku misa nitakuombea weye wa kwanza. Bengine bote balimusahau. Weye hapana."

Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata simu.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, sitaki mnihurumie. Kusema nitasema, ila sijui nianzie wapi. Nimwandikie mhariri kwanza, au niende kwa yule mama kabla kaka yake Neema hajafungua ile Biblia? Na nikifika mlangoni kwake, neno la kwanza liwe lipi? Nishaurini.